CHETI CHA HAKIMILIKI SI MSAHAFU! TUNATAKA BARAZA LA WAZI

VIJANA wa Manzese, Temeke, Tandale na Buguruni, leo naomba tuweke kando kidogo habari za bei ya sembe na nauli ya daladala. Nataka tuzungumze juu ya karatasi. Karatasi yenye mhuri, sahihi na namba, ambayo ofisi ya serikali humpa mtu, naye huitembeza mjini akisema: "Wimbo huu ni wangu, serikali imenitambua."

Hebu fikirini. Kijana ametunga wimbo usiku, kitandani, kwa kalamu na daftari la shule. Amekwenda studio ya uani, amelipa kwa fedha za kubeba mizigo Kariakoo. Miezi sita baadaye anausikia baa, sauti ya mwingine, jina la mwingine. Anakwenda kulalamika. Anaulizwa swali moja tu: "Una cheti?" Hana. Mwenzake anacho. Kesi imekwisha kabla haijaanza, na kijana anarudi Mbagala kwa miguu.

Huo ndio ubabaishaji ninaotaka kuupasua leo. Nasema bila kupepesa macho: cheti cha hakimiliki si msahafu. Ni dai la mtu lililogongwa mhuri. Aliyeugonga hakuwepo usiku ule daftari lilipokuwa likiandikwa. Alipelekewa fomu na nakala ya kazi, akaandika. Kama aliyejaza fomu alikuwa mwongo, basi mhuri wa Bwana na Bibi umegongwa juu ya uongo.

Na uongo wa namna hiyo hauondolewi kwa kubembelezana ofisini juu ya soda. Unaondolewa na shauri la wazi: pande mbili zimekaa, kila mmoja na vielelezo vyake, kila mmoja amekula kiapo na kuulizwa maswali na mwenzake, halafu mwamuzi analazimika kuandika kwa nini ameamua alivyoamua.

Chukueni mfano wa wimbo mnaoujua wote. Uswahilini mtoto akitimiza mwaka huimbiwa "Happy Birthday" na kumwagiwa ndoo ya maji. Wengi wetu tulidhani wimbo ule hauna mwenyewe, kama upepo. Kumbe huko Marekani ulikuwa na mwenyewe, tena tajiri. Mwaka 1988 kampuni ya Warner/Chappell ililipa dola milioni 25 kuinunua kampuni iliyokuwa ikiushikilia, na tangu hapo ikawa inawatoza watengeneza filamu na vituo vya televisheni. Mapato yake yalikadiriwa kufika dola milioni 2 kwa mwaka. Na silaha yake ilikuwa ipi? Cheti! Usajili wa mwaka 1935.

Akatokea mama mmoja mtengeneza filamu, Jennifer Nelson. Alitaka kutengeneza filamu juu ya historia ya wimbo huo huo. Akatozwa dola 1,500 ili auweke ndani ya filamu yake. Akalipa, na mwaka 2013 akaenda mahakamani Los Angeles, wenzake wengine waliokuwa wametozwa wakaungana naye.

Sasa angalieni shauri linavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye utamu. Kule Marekani cheti kina uzito. Sheria inakihesabu kuwa ushahidi wa mwanzo. Wa mwanzo, jamani, si wa mwisho. Mwenye cheti anaanza mbio hatua moja mbele, lakini mwenzake anaruhusiwa kumvuta shati. Mawakili wa akina Nelson wakalivuta. Kwanza, tuni yenyewe ilitokana na dada wawili wa Kentucky, Mildred na Patty Hill, na ilichapishwa mwaka 1893 kama wimbo wa chekechea wa kusalimiana asubuhi. Pili, usajili ule wa 1935 haukuwataja hao dada kuwa ndio watunzi wa kile kilichosajiliwa. Ulimtaja bwana mmoja, Preston Ware Orem, aliyeupanga wimbo kwa ajili ya piano. Na Orem hakuyaandika yale maneno ya kumtakia mtu heri ya kuzaliwa. Hata kampuni yenyewe haikudai kwamba aliyaandika.

Kwa hiyo cheti kilikuwa cha piano! Maneno, yaliyokuwa yakitozwa mamilioni, yalikuwa nje ya cheti. Kampuni ikatakiwa ionyeshe basi ni wapi akina Hill waliiuzia maneno hayo kampuni ya kwanza kabisa. Karatasi ya mauzo haikuonekana.

Katikati ya kesi kikaibuliwa pia kitabu cha nyimbo cha mwaka 1922, kina wimbo wote, bila tangazo lolote la hakimiliki kama sheria ya wakati ule ilivyotaka. Watu wakadhani hicho ndicho kitakachomwangusha tajiri. Lakini Jaji George King hakuamua kwa kitabu. Tarehe 22 Septemba 2015 aliamua kwa hoja iliyo rahisi kuliko zote: huwezi kudai mali ambayo huna ushahidi kwamba uliuziwa. Mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 14 kumaliza shauri, na wimbo ukawa wa watu wote.

Miaka 80 cheti kile kilikuwa kikiogopwa. Kilichokiangusha ni utaratibu tu: yule tajiri alilazimishwa kufungua makabati yake, akaulizwa maswali asiyoweza kuyakwepa, na jaji akalazimika kuandika sababu zinazosomeka hadi leo. Wala si kwamba jaji alikuwa na huruma kwa wanyonge.

Najua kuna wapambe watakaosema, "Hiyo ni Marekani, hapa ni Tanzania." Vema. Twendeni nyumbani.

Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, iliyoifuta ile ya mwaka 1966. Kifungu cha 5 kinasema mtunzi analindwa kwa kule tu kutunga. Hakuna sharti la kusajili. Kwa hiyo lile swali la "una cheti?" ambalo hutumiwa kumfukuza kijana maskini ni swali lisilo na mizizi katika sheria ya nchi. Cheti ni msaada wa ushahidi. Kukigeuza kuwa ndiyo haki yenyewe ni kuwapa wajanja wenye nauli ya kwenda ofisini mapema leseni ya kuwapora waliochelewa.

Tena angalieni kazi ambazo sheria hiyo iliipa COSOTA. Itunze daftari la kazi na watunzi. Iwatafute na kuwatambua wenye haki. Na pakitokea ubishi, itoe ushahidi wa nani mwenye mali. Juu ya hayo yote, hadi mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 yalipofungua njia kwa vyama vya kukusanya mirabaha, yeye huyo huyo ndiye aliyekuwa akikusanya na kugawa fedha. Mwenye daftari ndiye shahidi, na shahidi ndiye mwenye mfuko! Simtuhumu mtumishi yeyote wa ofisi ile. Wapo waungwana pale wanaofanya kazi kwa moyo. Nailaumu serikali na Bunge lake la ndiyo mzee lililopitisha mpango ambao mtu anayebishia kilichoandikwa daftarini anakutana na mwandishi wa daftari amekaa upande wa ushahidi.

Usuluhishi nao si dhambi. Watu wawili wakielewana mezani, wakagawana mirabaha, heri yao. Lakini usuluhishi unafaa pale ambapo nguvu zinalingana. Mkalishe meza moja chipukizi wa Keko na prodyuza mwenye gari, mawakili na marafiki redioni, uone nani atasuluhishwa. Na wakishasaini hapo, hakuna hukumu ambayo kijana mwingine mwenye tatizo kama hilo anaweza kuisoma kesho na kusema: mlimwamulia fulani hivi, na mimi niamulieni hivyo hivyo.

Basi aende wapi? Sheria inasema Mahakama ya Wilaya. Hapo haki inawezekana, sikatai. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru AY na Mwana FA walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2 na kampuni ya simu iliyotumia nyimbo zao kama miito bila idhini yao. Mji mzima ulishangilia. Kampuni nayo ikakata rufani, kama ilivyo haki yake. Lakini wale walikuwa AY na Mwana FA! Majina makubwa, mawakili wa kueleweka, pumzi ya kusubiri miaka. Huyo Mwana FA, Hamis Mwinjuma, mwaka 2020 akawa mbunge wa Muheza kwa tiketi ya CCM, na mwaka 2023 akateuliwa naibu waziri katika wizara hiyo hiyo ya sanaa. Anaijua ladha ya kusikilizwa. Tulitegemea awe wa kwanza kuwapikia wadogo zake chungu kile kile.

Watu wa serikali watasema nchi haiwezi kuunda chombo cha kusikiliza kila ugomvi. Danganya toto hiyo! Ukigombana juu ya kiwanja kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukifukuzwa kazi kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tajiri akibishia kodi kuna Bodi ya Rufani za Kodi, na juu yake Baraza la Rufani za Kodi. Makampuni yakioneana sokoni kuna Baraza la Ushindani. Mwenye shamba, mwenye ajira, mwenye kiwanda, wote wana pa kusemea. Mwenye wimbo yuko juani.

Na hili lifuatalo ndilo linalonichoma kuliko yote. Mtu akitaka kusajili jina la sabuni, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inamlazimisha Msajili atangaze maombi hayo hadharani. Kuna siku 60 za mtu yeyote kuleta pingamizi. Pingamizi likija, pande zote zinaleta ushahidi wa maandishi, Msajili anasikiliza na kutoa uamuzi, na asiyeridhika anakwenda Mahakama Kuu. Yote hayo kwa ajili ya sabuni! Sheria ya hakimiliki ya 1999 haikuweka tangazo la namna hiyo, haikuweka siku za pingamizi, haikuweka meza ya kusikilizia.

Sisemi tubuni gari jipya. Wahindi, ambao sinema zao tumekua nazo, wana sheria ya hakimiliki ya mwaka 1957, na kanuni zake za mwaka 2013 zinamtaka mwombaji awape taarifa wote wenye madai juu ya kazi ile. Msajili anasubiri siku 30. Asipopata pingamizi na akaridhika, anaandika. Akipata, anawaita wabishi na kuwasikiliza kabla kalamu haijagusa daftari. Na hata ikishaandikwa, aliyeumia anaweza kuomba daftari lisahihishwe. Zamani maombi hayo yalikwenda Bodi ya Hakimiliki. Mwaka 2017 wakaiunganisha na chombo kingine cha rufani, mwaka 2021 nacho wakakivunja na kuzirudisha kesi Mahakama Kuu. Wamehangaika, kama mnavyoona. Lakini katika mahangaiko yote hayo hawakusema kwamba daftari haliulizwi.

Majirani zetu Kenya nao hawakulala. Sheria yao ya mwaka 2001 iliweka mamlaka ya kuamua migogoro ya hakimiliki, na mwaka 2019 wakaibadili kuwa baraza kamili lenye hadhi ya kimahakama.

Mtu atauliza, haraka ya nini? Haraka ipo, na inatokana na historia ambayo chama tawala hakipendi ikumbushwe. Nyimbo nyingi tunazoziita "zilipendwa" zilitungwa na vijana kama nyie ndani ya bendi ambazo hazikuwa zao. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. JKT na Polisi nao walikuwa na bendi zao. Magitaa ya taasisi, sare za taasisi, mshahara wa taasisi, na kanda zilirekodiwa Radio Tanzania, redio ya serikali. Sasa leo wimbo wa mwaka 1975 ukitumika kwenye tangazo la bia, mwenye mali ni nani? Aliyetunga maneno? Aliyepiga solo? Taasisi iliyonunua gitaa? Redio yenye kanda? Maswali hayo ni ya haki kabisa, na kila upande una la kusema. Ndiyo maana hayafai kujibiwa na yule atakayewahi kujaza fomu.

Sheria inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Kwa kipimo hicho mwisho ni mwaka 2029. Wapo wapiga muziki wa enzi zile waliotangulia mbele ya haki, na wajane wao ndio mashahidi waliobaki. Kila mwaka unaopita bila meza ya kusikilizia, shahidi mmoja anazikwa.

Mnaijua "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliurekodi miaka ya sitini inaanza, Miriam Makeba akauimba dunia nzima, kundi la Boney M. nalo likaurekodi mwaka 1981. Wapo waliomtaja Adam Salim kuwa ndiye mtunzi, na wapo waliotaja wengine. Fadhili alifariki mwaka 2001. Ubishi haujaisha hadi leo, kwa sababu wote waliokuwa na jambo la kusema hawakupata kuketi mbele ya mwamuzi mmoja, wakaapishwa na kuulizana maswali wakiwa hai. Sisi tumebaki kubishana vijiweni kwa hadithi za babu zetu.

Halafu kuna fumbo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki, Namba 14 ya mwaka 2003, na ofisi yake, COSOZA. Sina ugomvi na hilo. Wazanzibari wana haki ya daftari lao. Lakini taarabu haiulizi pasipoti. Mtu anaweza kuandikisha wimbo Unguja na mwingine akauandikisha wimbo ule ule Dar es Salaam, kila mmoja akawa na mhuri halali wa serikali halali. Hapo vyeti viwili vikitazamana, nani atamwambia mwenzake asogee? Ni shauri tu linaloweza kuuliza: nani aliimba kwanza, wapi, mbele ya nani?

Tunachodai ni hiki. Kila ombi la kusajili kazi litangazwe kwa muda, mahali ambapo hata kijana asiye na wakili ataliona. Pingamizi lipokelewe bila ada ya kumkomoa mtu. Pakiwa na ubishi, lisikilizwe na baraza lisilo chini ya ofisi yenye daftari, wajumbe wake wakiwemo watu wanaojua muziki, na mlango uwe wazi kwa waandishi wa habari. Uamuzi uandikwe kwa Kiswahili, na sababu zake zichapishwe. Baraza liwe na uwezo wa kufuta na kusahihisha daftari, si kupendekeza tu. Na rufani iende Mahakama Kuu.

Wakija kuomba kura, hao wenye kofia na kanga, waulizeni jambo moja tu: kwa nini sabuni ina siku 60 na wimbo hauna hata moja?

Wakati tukisubiri, vijana, jilindeni. Lile daftari lenye mistari iliyokatwakatwa usilitupe. Aliyeiba wimbo ana nakala safi tu, hana mistari uliyoifuta. Tunza rekodi ya kwanza uliyoimba kwenye simu, hata kama mbwa anabweka nyuma yake, maana ina tarehe. Ujumbe uliomtumia prodyuza usiufute mkigombana. Risiti ya studio idai, na kama hawana kitabu cha risiti, waandikie mwenyewe kwenye karatasi nao watie sahihi. Mkitunga watu watatu, andikeni siku hiyo hiyo nani kafanya nini na kila mmoja abaki na nakala. Na mtu akikuletea mkataba wenye kurasa nyingi usiku, studio, beti ikiwa tayari inapigwa, mwambie utaurudisha kesho.